Dawa ya magugu isiyoua zao: inavyofanya kazi ndani ya mmea na hatua za kuipulizia

Maswali ni yale yale kila msimu. "Dawa inajuaje kwamba hili ni gugu na hili ni zao?" "Nimepulizia juzi, mbona magugu bado yamesimama?" "Mbona mahindi yangu yamejikunja wakati niliambiwa dawa haiyadhuru?" Nimeyajibu mara nyingi, kwa mtu mmoja mmoja, na nimegundua kwamba jibu la yote ni moja. Ukilielewa, hatua zote zilizo hapa chini utazifuata bila kulazimishwa.

Dawa haijui chochote. Ukipulizia shamba la mahindi, inatua kwenye jani la mahindi na kwenye jani la mchicha pori ulio pembeni yake, na inaingia kote kuwili. Anayechagua ni mmea. Mahindi huivunjavunja dawa kabla haijayadhuru. Gugu haliwezi kuivunja, au linaweza lakini taratibu mno. Ni mbio kati ya sumu na vimeng'enya vya mmea, yaani protini zinazofanya kazi ya kuivunja. Ukizidisha dozi, au ukipulizia zao lililodhoofu, unaipa sumu nafasi ya kushinda, na dawa ile ile "isiyoua mahindi" itayachoma.

Kinachotokea ndani ya jani

Nadharia nitaigusa kidogo tu, kiasi cha kukusaidia kusoma unachokiona shambani. Majina ya dawa nimeyaandika kwa Kiswahili. Kwenye lebo tahajia itatofautiana kidogo, ila utayatambua.

Tuanze na 2,4-D, iliyoingia sokoni miaka ya 1940 na bado inatumika sana. Kila mmea una homoni ya ukuaji iitwayo oksini, ambayo huitengeneza kwa kiasi kidogo na kuivunja ikishamaliza kazi. 2,4-D inaigiza oksini, lakini gugu la majani mapana haliwezi kuivunja kwa kasi inayotosha. Inapenya nta ya jani, inaingia kwenye mirija inayobeba sukari, na inasafiri na sukari hiyo hadi kwenye ncha zinazokua na kwenye mizizi. Huko inaamuru seli zikue, zikue, zikue. Shina linapinda, linavimba na kupasuka, mirija inabanwa, na mizizi inakosa chakula. Gugu linakufa kwa kukua ovyo.

Ukitaka kuona kwa macho, rudi shambani kesho yake asubuhi, uchuchumae. Utakuta vikonyo vya majani vimeinama kuelekea ardhini na ncha ya shina imejikunja kama ndoano, ilhali rangi bado ni kijani kibichi. Anayepita amesimama wima atasema dawa imegoma. Kumbe kazi imeshaanza.

Kwa nini mahindi, ngano na mpunga hupona? Kwanza, jamii ya nyasi huifunga 2,4-D na kuiharibu haraka. Pili, ndani ya nyasi dawa hii husafiri kwa shida. Tatu, mirija ya nyasi imetawanyika ndani ya shina na haina ile tabaka ya seli za kunenepesha shina ambayo kwenye majani mapana ndiyo huvurugika vibaya. Kinga tatu, na bado zinaweza kushindwa ukikosea wakati.

Atrazini hufanya kazi kwa njia nyingine. Inajipachika kwenye protini moja ndani ya chembe za kijani na kukata mwendo wa elektroni katika usanisinuru. Jua linaendelea kuwaka, nguvu yake haina pa kwenda, na jani linaungua kutoka ndani. Kwa kuwa huvutwa na mizizi na kupanda na maji, majani ya chini, yaliyokomaa, ndiyo huanza kuwa ya njano pembezoni. Mahindi yana kimeng'enya kinachoibandika atrazini kwenye glutathioni, kemikali ya kinga iliyomo ndani ya mmea, na ikishabandikwa haina madhara tena.

Nikosulfuroni na ndugu zake huzuia mmea kutengeneza asidi amino tatu: valini, leusini na isoleusini. Gugu halifi siku hiyo. Linasimama kukua, linabaki kijani siku kadhaa, kisha moyo wake unageuka njano au zambarau. Mahindi huivunja dawa hii kwa kundi la vimeng'enya liitwalo P450. Jina hilo likariri, tutakutana nalo kwenye hatua ya nne.

Kundi la fluazifopu, haloksifopu na kwizalofopu ni kinyume cha 2,4-D: huua nyasi na kuacha majani mapana. Hulenga kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta ya utando wa seli. Umbo la kimeng'enya hicho kwenye nyasi linanaswa na dawa. Kwenye maharage, soya au alizeti ni umbo jingine kabisa na dawa haina pa kushika. Hapa hakuna mbio, ndiyo maana dawa hizi ni salama mno kwa mikunde. Lakini tone moja likipeperuka hadi kwenye mahindi, mahindi ni nyasi, na yatakufa kama nyasi.

Glifosati na parakwati hazimo kwenye mwongozo huu. Hizo huua karibu kila kilicho kijani, na kila msimu kuna mtu anayezipulizia juu ya zao akidhani dawa ya magugu ni dawa ya magugu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Dawa yenyewe, kwenye chombo chake halisi chenye lebo inayosomeka. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiiguse.
- Bomba la mgongoni lisilovuja. La lita 16 linatosha kwa shamba dogo.
- Nozeli bapa, ile inayotoa umbo la feni. Ya duara inayotoa ukungu mwembamba iache kwa dawa za wadudu.
- Kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Kifuniko cha chupa si kipimo.
- Futi ya kupimia, vijiti vinne na kamba.
- Maji safi. Maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni, yana kalsiamu na magnesiamu zinazoishika 2,4-D ya aina ya chumvi ya amini na kuidhoofisha.
- Glavu za mpira au nitrili, buti, nguo ndefu na miwani ya kukinga macho. Miwani usiipuuze: 2,4-D ya amini inaweza kuliharibu jicho vibaya. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali na lebo mkononi.
- Saa au simu ya kupimia muda.

Hatua kwa hatua

1. Tambua magugu uliyonayo

Pita shamba zima, siyo ukingoni tu. Yagawe magugu katika makundi matatu: majani mapana, nyasi na ndago.

Watu wengi huiweka ndago kwenye nyasi, na hapo ndipo pesa inapopotea. Chuma shina moja, uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi huzunguka vizuri kwa sababu ni duara au bapa. La ndago lina pembe tatu, utazihisi zikikwaruza. Fluazifopu haitaidhuru ndago hata ukirudia mara nne, na 2,4-D inaweza kuichoma majani ikaacha viazi vyake chini ya udongo viko hai. Ndago inataka dawa yake, kama halosulfuroni kwenye mahindi au bentazoni kwa baadhi ya aina zake.

2. Linganisha dawa na zao, kisha soma lebo yote

Tafuta vitu vinne kwenye lebo: jina la kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua), zao linaloruhusiwa, dozi kwa hekta au ekari, na namba ya kundi, inayoonyesha dawa inaua kwa njia gani. Jina la biashara lisikudanganye. Chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kiambato kimoja.

Swali linaloulizwa kuliko yote: "Nina mahindi na maharage pamoja, nipulizie nini?" Usipulizie 2,4-D, atrazini wala nikosulfuroni, zitaua maharage. Usipulizie fluazifopu, itaua mahindi. Shamba mchanganyiko lenye mimea iliyokwisha kuota palilia kwa jembe. Zipo dawa chache zinazopuliziwa kwenye udongo kabla ya kuota, kama S-metolakloro, ambazo mahindi na maharage yote huzistahimili, lakini hizo ni za mara tu baada ya kupanda, na ni lazima lebo ya bidhaa uliyoshika itaje mazao yote mawili.

Soma pia sehemu ya zao linalofuata. Atrazini inaweza kubaki kwenye udongo miezi mingi. Ukipanda maharage au mboga msimu unaokuja, yanaweza kuota na kuungua yakiwa bado madogo.

3. Angalia umri wa magugu na wa zao

Magugu yawe na majani mawili hadi manne. Katika umri huo nta ya jani ni nyembamba na akiba ya chakula ni ndogo. Gugu lililofika magotini lina nta nene na mizizi yenye akiba. Litajikunja, litalala wiki mbili, kisha litachipua pembeni.

Zao nalo lina dirisha lake. Kwa mahindi, 2,4-D ya kupulizia juu ya mmea kwa kawaida huishia yanapofika urefu wa sentimita 20 hivi. Baada ya hapo lebo nyingi zinataka dawa ielekezwe chini, kati ya mistari, isiingie kwenye koni ya majani, pale juu majani mapya yanapotokea. Kwa ngano, subiri imalize kuchipua machipukizi na usipitishe wakati shina linapoanza kurefuka na kutoa vifundo. Ukiwahi sana au ukichelewa, suke linaweza kutoka limepotoka au lisijaze punje.

Usitumie macho peke yake. Weka futi.

4. Hakikisha zao lina afya ya kushinda mbio

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Vimeng'enya vinavyovunja dawa hufanya kazi vizuri mmea ukiwa na joto la wastani, maji na jua. Mahindi yaliyopigwa na baridi siku mbili tatu, au yaliyosimama kwenye maji, au yaliyonyauka kwa ukame, huvunja dawa polepole. Yaache yapone kwanza.

Ukame una ubaya wa pili. Gugu lenye kiu huongeza nta na kupunguza mwendo wa sukari, kwa hiyo dawa haiingii vizuri na ikiingia haisafiri. Unaishia na zao lililoungua na gugu lililopona.

Sasa rudi kwenye P450. Baadhi ya dawa za wadudu za kundi la fosforasi, zile ziitwazo oganofosfati, huvifunga vimeng'enya hivyo hivyo. Ukipulizia oganofosfati leo na nikosulfuroni kesho, umeyafunga mahindi mikono kabla ya pambano, na yanaweza kudumaa au kuwa ya njano moyoni. Lebo nyingi zinataka angalau siku 7 kati ya dawa hizo mbili, mbele na nyuma. Mesotrioni, dawa nyingine ya magugu ya mahindi, nayo ina onyo kama hilo.

5. Chagua siku na saa

Upepo mwepesi, wa kutikisa majani bila kuyumbisha matawi, unafaa: kilomita 3 hadi 10 kwa saa. Utulivu kabisa wa alfajiri au jioni si rafiki kama unavyoonekana. Wakati huo hewa baridi hulala chini, na matone madogo huning'inia ndani yake kama moshi, yakaja kutua kwenye shamba lisilohusika.

Usipulizie kwenye jua kali la mchana, hasa kama 2,4-D yako ni ya aina ya esta. Esta hupenya nta haraka, lakini pia hugeuka mvuke na kusafiri baada ya wewe kwenda nyumbani. Ya amini haigeuki mvuke kirahisi. Karibu na nyanya, pamba, zabibu au maharage, chagua amini, au usipulizie kabisa.

Mvua: esta nyingi huhitaji kama saa moja kavu, amini saa kadhaa. Lebo itakuambia. Wingu jeusi likionekana, ahirisha.

6. Pima bomba lako kwa maji matupu

Kila mtu ana mwendo wake na kila nozeli ina mtiririko wake, kwa hiyo usiazime hesabu za mwenzako.

Pima mraba wa mita 10 kwa mita 10, uweke vijiti na kamba. Jaza maji bombani hadi kwenye alama. Pulizia mraba wote kwa mwendo wako wa kawaida, ukisukuma mpini kwa kasi isiyobadilika. Kisha jaza tena hadi alama ile ile, ukipima maji unayoongeza.

Tuseme umeongeza lita 2. Mraba huo ni mita za mraba 100, na hekta ina miraba 100 kama huo. Kwa hiyo wewe, kwa mwendo wako, unatumia lita 200 kwa hekta, au kama lita 80 kwa ekari. Rudia mara tatu uchukue wastani.

7. Kokotoa dozi ya bomba moja

Chukua ujazo wa bomba, ugawe kwa lita unazotumia kwa hekta, kisha uzidishe kwa dozi ya hekta. Mfano wa hesabu tu: lebo inasema lita 1.5 kwa hekta, bomba ni lita 16, nawe unatumia lita 200.

16 ÷ 200 = 0.08
0.08 × mililita 1,500 = mililita 120 kwa bomba.

Kwa ekari moja utahitaji mabomba 5 hivi, sawa na mililita 600 za dawa. Andika hesabu hii kwa kalamu isiyofutika kwenye bomba lenyewe, pamoja na jina la dawa.

Usiongeze "kidogo cha uhakika". Kwenye 2,4-D na wenzake, dozi kubwa mno huchoma mirija inayotakiwa kuisafirisha, dawa ikakwama kwenye jani na mzizi ukabaki salama. Na usipunguze ili iende mbali: dozi hafifu huacha hai magugu yenye ustahimilivu kidogo, ambayo ndiyo yatakayotoa mbegu za msimu ujao.

8. Changanya kwa mpangilio

Vaa vifaa vyote sasa. Dawa isiyochanganywa ndiyo hatari kuliko zote. Weka nusu ya maji bombani. Kama kuna ya unga au chembe, ikoroge pembeni kwenye ndoo hadi iyeyuke ndipo uimimine. Zifuate za maji mazito, kisha za mafuta, mwisho stika (kisaidizi cha kufanya dawa ishike kwenye jani) kama lebo imeitaka. Ongeza maji hadi yajae, tikisa.

Suuza chupa iliyokwisha mara tatu, na maji ya kusuuzia uyamimine bombani. Itoboe isije ikabebewa maji ya kunywa.

Maonyo mawili. Usichanganye dawa za magugu na mbolea ya majani au dawa ya wadudu kwa sababu tu bomba liko tayari. Na kwenye maharage au soya, usiweke dawa ya nyasi na bentazoni, ambayo huua pia majani mapana, pamoja ukidhani umeokoa muda. Bentazoni huzuia dawa ya nyasi isiingie vizuri, nyasi zikapona. Tanguliza ya nyasi, ya majani mapana ifuate siku nyingine kwa muda uliotajwa kwenye lebo.

9. Pulizia

Shika mpini nozeli ikiwa kama nusu mita juu ya magugu, na uiache pale. Wanaoanza hupepea mkono kushoto na kulia kama wanamwagilia bustani. Katikati hupata dozi mara mbili na pembeni hukosa. Nyoosha mkono, tembea mstari mmoja, rudi mstari unaofuata ukipishana kidogo tu. Tembea ukiuacha upepo upeleke ukungu mbali nawe.

Jani likianza kudondosha matone, umezidisha. Ukifika mwisho wa shamba na dawa imebaki, usirudie kupita ili iishe; hiyo ni dozi mbili. Ongeza maji na uimalizie pembeni mwa shamba hilo hilo ambako hukufika.

10. Osha bomba siku hiyo hiyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu somo hili lilinigharimu. Niliwahi kupulizia nyanya dawa ya wadudu kwa bomba lililotumika kwa 2,4-D wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimelisuuza kwa maji mara moja. Kesho yake vikonyo vilikuwa vimeinama. Wiki iliyofuata majani mapya yalitoka membamba kama kamba ya kiatu, mishipa imejipanga sambamba, kingo zimekunjamana. Nyanya hazikufa zote, lakini hakuna mche uliozaa inavyopaswa. Mabaki yaliyofichwa na mpira wa bomba yalitosha.

Fanya hivi: mwaga, suuza kwa maji safi ukipitisha maji kwenye mpira na nozeli. Jaza maji yenye amonia ya nyumbani, mililita 10 kwa kila lita, pitisha kidogo hadi itoke kwenye nozeli, kisha iache ndani usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza mara mbili zaidi. Fungua nozeli na chujio uvioshe kando. Amonia isikutane na dawa yenye klorini ya kufanya nguo ziwe nyeupe, hutoa gesi ya sumu. Maji ya kuoshea yamwagwe ndani ya shamba lililopuliziwa, mbali na kisima na mto.

Kama unaweza, kuwa na bomba la pili. 2,4-D iwe na lake.

Kitu cha kutarajia, na lini

2,4-D: kupinda ndani ya siku moja, njano wiki ya kwanza, kufa wiki ya pili au ya tatu. Nikosulfuroni: kimya kwa siku kadhaa, moyo wa njano, wiki mbili hadi tatu. Fluazifopu: siku ya tano hadi ya saba, shika jani la katikati la nyasi uvute taratibu. Likichomoka bila ubishi na chini yake kuna kahawia iliyooza, nyasi imekufa hata kama majani ya nje bado ni kijani. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko rangi.

Mambo yakienda kombo

*Magugu yalijikunja, kisha yakainuka.* Yalikuwa makubwa mno, au yalikuwa na kiu, au mvua iliwahi, au hesabu ilikosewa. Usirudie papo hapo. Angalia kama zao bado liko ndani ya dirisha lake. Kama limepita, chukua jembe.

*Magugu yamekufa kwa mistari, mistari mingine hai.* Nozeli imeziba upande mmoja, au hukupishana. Pulizia maji kwenye sakafu kavu uone umbo la feni. Nozeli iliyochakaa badilisha; usiitoboe kwa sindano.

*Mahindi yamejiviringisha kama jani la kitunguu baada ya 2,4-D.* Dozi ilizidi, dawa iliingia kwenye koni, au joto lilikuwa kali. Mengi hufunguka yenyewe ndani ya wiki mbili. Kwa muda huo mashina ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo usipalilie wala kupita katikati bila sababu. Ukiona mizizi ya juu imeshikana kama kiganja kilichofumbwa, tarajia mengine kuanguka upepo ukija.

*Mahindi yana michirizi ya njano moyoni baada ya nikosulfuroni.* Kumbuka ulipulizia dawa gani ya wadudu na lini, na kama kulikuwa na baridi. Baadhi ya aina za mahindi, hasa matamu, zina vimeng'enya dhaifu kwa kuzaliwa. Angalia kama lebo inaitaja yako.

*Mimea ya shamba la pili imepinda.* Kama iliyo karibu imeathirika zaidi na inapungua kadiri unavyokwenda mbali, ni matone yaliyopeperushwa. Kama imeathirika sawasawa eneo pana, na ulitumia esta siku ya joto, ni mvuke. Zungumza na mwenye shamba mapema, umweleze ulichopulizia, ili asihangaike na dawa za ugonjwa usiokuwepo.

*Aina zote zimekufa isipokuwa moja, na imetapakaa hai katikati ya zilizokufa.* Huu unaweza kuwa usugu. Mwaka 1970 iliripotiwa kutoka jimbo la Washington, Marekani, kwamba gugu moja la majani mapana limeacha kuitikia dawa za jamii ya atrazini. Baadaye ilijulikana kwamba usugu wa namna hii hutokana na badiliko dogo mno la protini ile inayoshikwa na dawa. Usugu mwingine unasumbua zaidi: gugu linajipatia vimeng'enya vya kuivunja dawa, hila ile ile ya mahindi. Gugu kama hilo linaweza kuhimili hata dawa ambayo halijawahi kukutana nayo. Kuongeza dozi hakusaidii. Msimu ujao badilisha namba ya kundi iliyo kwenye lebo, siyo jina la biashara tu, na badilisha zao ukiweza. Kwa msimu huu, ingia shambani na gunia, ung'oe kila mche uliosalia kabla haujakomaza mbegu, na uutoe nje ya shamba.